Simu Iliyoingia Kwenye Nyimbo za Santuri

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Santuri, naye akaitika, na mpaka mkewe ashikwe na hasira ndipo alipokumbushwa jina alilopewa na wazazi. Alikuwa dereva wa ofisi ya kupima mizani mwaka wa kumi na tisa sasa. Ofisi hiyo huzunguka madukani na maghalani kuhakikisha kilo ni kilo, na Santuri ndiye aliyewafikisha wapimaji huko pamoja na mawe yao ya shaba ya kupimia, sanduku zima kwenye buti, yakigongana kila palipo na tuta.

Mambo mawili usimchezee mtu huyu: gari lake na nyimbo zake. Nyimbo alikuwa nazo elfu moja mia moja na arobaini, zote kwenye flashi moja ndogo aliyoifunga uzi mwekundu isipotee. Tena usidhani aliziokota tu. Nyingine alizitoa kwenye kanda za marehemu dada yake, akakaa Jumapili tatu na fundi redio wakizihamisha mmoja mmoja, kanda ikijikunja wanaizungusha kwa kalamu. Kila wimbo aliupa jina lake mwenyewe, maana majina ya waimbaji hayakukaa kichwani mwake. Kulikuwa na WA FOLENI, WA MLIMANI, WA MVUA, WA KURUDI NYUMBANI. Kulikuwa na mmoja aliouita USIUKATE, na kweli, ukiukata ndani ya gari lake jiandae kwenda kwa miguu.

Bosi wake, mkuu wa ofisi, alikuwa mama mkavu wa maneno, asiyecheka ovyo. Miaka sita nyuma dereva mwingine alisinzia, gari likaingia mtaroni na kupinduka mara mbili. Mama huyo alitoka na bega lililovunjika na hofu isiyopona. Tangu siku hiyo hakushika usukani tena, na kama ni kupanda gari, basi ni la Santuri tu, tena kwa sharti moja.

"Muziki usikatike," alimwambia siku ya kwanza. "Nikisikia muziki sisikilizi matairi."

Basi alikaa mbele, mkanda umembana, mkoba mapajani, na nyimbo za Santuri zikamvusha miaka sita bila mkwaruzo. Mpaka wenzake ofisini wakawa wanatania kwamba yule mama haendeshwi na dereva, anaendeshwa na flashi.

Sasa penye kidonda ni hapa. Siku kumi na moja kabla ya safari ninayotaka kuisimulia, Santuri alipokea simu kutoka kliniki ya macho. Alikuwa amekwenda huko peke yake, kimyakimya, baada ya kumimina chai pembeni ya kikombe mara mbili katika wiki moja na kugonga fremu ya mlango kwa bega la kushoto mchana kweupe. Muuguzi alimwambia ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha na halirudi, la kulia limeanza kufuata, na kuanzia siku hiyo asiendeshe gari. Halafu akamuuliza anafanya kazi gani. Mdomo wa Santuri ukajibu kabla yeye hajaufikiria.

"Mimi mlinzi," akasema. "Mlinzi wa getini."

Jamani, huo uongo ulimtoka kama mate! Na hakumwambia mtu, si mke, si kaka, si Bosi. Ilibaki miaka miwili astaafu. Kila asubuhi alijiambia jicho la kulia bado zima, barabara anazijua kama kiganja chake, atageuza shingo zaidi kidogo, basi. Lililomtisha hasa hakulisema hata moyoni kwa sauti: dereva asiyeendesha ni nani? Wahenga walishasema lao kuhusu mficha maradhi. Santuri aliyajua maneno hayo kama wewe unavyoyajua, na hayakumsaidia kitu.

Kilichomponza ni uchoyo wa nyimbo. Simu yake ilikuwa na tabia ya kurekodi kila maongezi. Mpwa wake ndiye aliyeitegesha hivyo, baada ya muuza vipuri mmoja kukana mchana kweupe alichoahidi kwa mdomo wake. Santuri alishasahau kabisa habari hiyo. Jumamosi simu ikaanza kuchemka na kujizima, na mle ndani mlikuwa na nyimbo kadhaa mpya alizotumiwa na wenzake, hazijaingia kwenye flashi. Akakimbilia kwa msichana wa duka la kompyuta.

"Nihamishie zote, binti. Usiache hata moja."

Msichana akatazama, akakunja uso. "Zote, mzee? Hata hizi zenye namba tupu, zisizo na majina?"

"Zote! Hizo nitazipa majina mwenyewe nyumbani."

Akajiona kaokoa mali yake. Akalipa, akashukuru, akaondoka anapiga mluzi.

Jumatatu alfajiri alikuwa nje ya geti la Bosi, anapasha injini joto. Safari ilikuwa ya mwendo wa saa tatu, kwenda kupima mizani ya ghala la nafaka. Akachomeka flashi, wimbo mmoja ukapiga mpaka mwisho, vizuri kabisa. Kisha spika zote nne za gari zikasema kwa sauti yake mwenyewe: "Haloo? Shemeji, unanipata? Ile mbuzi vipi, bado inakohoa?"

Kwanza alicheka. Alicheka kweli, mpaka akapiga usukani kwa kiganja. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni, kwa sababu kama ya shemeji imo, basi na ile nyingine imo. Aliiona ile simu ya kliniki ikikaa mahali fulani ndani ya kile kiplastiki kidogo, katikati ya nyimbo za marehemu dada yake, ikisubiri zamu yake. Na redio ya gari hilo ilikuwa na wazimu wake. Kitufe cha kupanga nyimbo kilikufa zamani, ikawa inachagua yenyewe inachotaka, ila inapendelea sana vilivyoingizwa mwisho. Siku zote Santuri aliupenda wazimu huo. Asubuhi hiyo aliuogopa.

Geti likalia. Akaichomoa flashi haraka, akaitumbukiza mfukoni mwa shati.

Bosi akapanda, akafunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha, kama desturi yake. Gari likasogea mita hamsini.

"Mbona kimya?"

"Flashi imegoma, Bosi. Nadhani imekufa."

"Imekufa? Haijawahi kuugua." Akamtazama kifuani. Ule uzi mwekundu, mjinga kuliko yeye, ulikuwa unaning'inia nje ya mfuko. "Si hiyo hapo? Hebu."

Angefanya nini? Alimpa. Mama akaipuliza, akaifuta kwenye kitambaa cha mkono, akaisukuma kwenye redio kwa kidole gumba. Wimbo ukaanza.

"Haijafa," akasema, akaegemea kiti. "Ulikuwa hujaisukuma vizuri. Unazeeka, Santuri."

"Nazeeka, Bosi," akajibu Santuri, na jasho jembamba likamtambaa mgongoni.

Mtu asikudanganye kwamba wimbo ni kitu kifupi. Siku hiyo Santuri aligundua kwamba una mwisho mrefu: gitaa linapungua, ngoma zinapungua, mwimbaji anarudia neno lilelile kwa mbali, kisha sekunde mbili za kimya. Katika sekunde hizo mbili alizeeka zaidi kuliko alivyozeeka mwaka mzima. Ukiingia wimbo anashusha pumzi, ukikaribia kuisha anashika usukani mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Alihesabu. Nyimbo kama kumi na tano kwa saa, kwa saa tatu ni nyimbo arobaini na tano. Simu zilizorekodiwa zilikuwa ngapi? Kumi? Ishirini? Yeye si mtu wa kupigiwa sana. Akajaribu hesabu ya bahati, ikamshinda, akaanza tena.

Njia moja tu ilikuwepo. Redio ilionyesha jina la kila kinachoanza kwenye kioo chake kidogo. Simu zilikuwa na namba tupu. Akiona namba, abonyeze kitufe cha kuruka kabla mtu hajaongea. Rahisi, eti? Ila herufi za kile kioo, kwa macho yale, zilikuwa zinatembea kama siafu. Aliinamisha kichwa, akakigeuza, akafinya jicho.

"Barabara iko mbele, Santuri," Bosi akasema.

"Naangalia tu wimbo gani huu."

"Angalia mbele, nitakusomea." Akainama, akasoma, na ajabu, akacheka. "WA FOLENI! Wewe ndiye unayeziita hivi? Miaka sita nakaa hapa sijawahi kusoma. Ngoja tuone unaofuata."

Basi akawa anamsomea. WA MVUA. WA KUPANDA MLIMA NA MZIGO. Kila jina akacheka kidogo, na Santuri akacheka naye. Hakuwahi kumwona mama huyo amechangamka hivyo ndani ya gari. Mkono wake ulikuwa umeachia hata kile kishikio cha mlangoni, ambacho kwa miaka sita alikishika tangu getini hadi waendako. Jambo hilo lilimuuma Santuri kuliko yote. Amini usiamini, alitamani amrudishie hofu yake.

"Na kuna WA BOSI AKINUNA?" akauliza.

"Hakuna, Bosi."

"Muongo wewe."

Mji ulishabaki nyuma. Nyumba zikawa chache, pembeni mwa barabara kukawa na watu wa asubuhi, wengine kwa miguu, wengine na baiskeli. Wimbo ukaisha. Mama akainama kusoma.

"Huu hauna jina. Namba tupu."

Kidole cha Santuri kilifika kwenye kitufe kama kimechomwa. "Hal..." spika zikasema, kisha ngoma zikaingia.

"Mbona umekata? Nani huyo aliyeongea?"

"Mbovu huo, Bosi. Umeharibika."

"Ilikuwa sauti yako!" Akageuka akamtazama, macho yanameta. "Ala! Santuri! Kumbe unaimba! Umejirekodi, halafu unaona aibu. Haki ya nani leo nitakusikia ukiimba. Ikija tena, usiiguse."

"Bosi, mimi siimbi, nakuomba..."

"Usiiguse, nimesema."

Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alikuwa na kidole kimoja juu ya usukani na mawazo yote kwenye kile kitufe. Wimbo uliokuwa unapiga ulikuwa USIUKATE wenyewe, ule ambao dada yake aliupenda mpaka kanda ikasagika, na hakuusikia hata neno. Alisikia tu kwamba unaelekea mwisho. Gitaa likapungua. Ngoma zikapungua. Kimya.

"Namba tupu!" Bosi akashangilia.

Santuri akaruka kwenye kitufe kwa mkono na kwa macho yote mawili, lile zima na lile lililokufa, akawahi kugusa ukingo tu wa redio.

"MTU!" Bosi akapiga kelele.

Mguu ulikanyaga breki kwa sababu ya ile kelele. Si kwa sababu ya kingine chochote. Matairi yakalia, mkanda ukamkaba, na nyuma kwenye buti mawe ya shaba yakaja mbele yote kwa pamoja na kugonga mgongo wa kiti kama mtu anayetaka kutoka. Gari likasimama. Mbele ya boneti, umbali wa mkono, alikuwepo mwanamume anayesukuma baiskeli iliyofungwa godoro. Alikuwa ametokea upande wa Bosi. Alitazama gari, akatazama godoro lake, akasema neno ambalo kioo kililizuia lisifike ndani, akaendelea kuvuka.

Santuri alikuwa hajamwona. Hata baada ya kelele, hata breki zilipolia, upande ule kwake hapakuwa na kitu, si mtu wala baiskeli. Mtu yule alianza kuwepo alipofika katikati ya boneti.

Bosi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akaiteremsha.

"Umetuokoa," akasema. "Mungu wangu. Dereva mwingine angemkumba. Ni wewe tu, Santuri. Ndiyo maana sipandi gari la mtu mwingine."

Akamshika mkono, akaubana.

Na redio haikuwa imekatwa. Kwenye spika sauti ya mbali ya mwanamke ilikuwa inauliza haloo, haloo, na sauti ya Santuri ikamjibu: "Subiri kidogo, binti, nitoke nje." Zikasikika hatua. Viatu juu ya kokoto. Santuri alizijua hatua hizo. Alikuwa anatoka bandani, penye madereva wenzake, kwenda kusimama nyuma ya tangi la maji wasije wakamsikia.

"Kata hiyo," Bosi akasema, anahema. "Utaniimbia siku nyingine. Sasa hivi nataka muziki. Weka muziki, tafadhali."

Ruhusa ndiyo hiyo, mkononi! Bonyeza, wimbo uingie, gari liondoke, na wewe ni shujaa aliyeokoa mtu na godoro lake. Kidole kilifika kwenye kitufe. Kilikaa hapo. Santuri aliangalia mbele, alikopita yule mwanamume, na hofu iliyompata ilikuwa nyingine kabisa na ile ya asubuhi, kubwa zaidi. Akarudisha mkono wake mapajani.

"Bosi," akasema, "sikiliza hiyo."

Hatua zikakoma. Muuguzi akaanza, taratibu, kwa heshima: mzee wangu, ulikuja na mtu siku ile? Hapana? Basi sikiliza mwenyewe, majibu yametoka. Akayasema yote. Jicho la kushoto. La kulia. Daktari amesema usiendeshe gari kabisa, hata baiskeli uiache. Unafanya kazi gani, mzee wangu?

"Mimi mlinzi," spika nne zikajibu. "Mlinzi wa getini."

"Afadhali," akasema muuguzi.

Simu ikakatika, na redio, kichaa yule, ikaweka WA KURUDI NYUMBANI. Bosi akanyoosha mkono, akaizima. Katika miaka sita hajawahi kuizima.

"Lini hiyo?"

"Siku kumi na moja."

"Siku kumi na moja." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Jumatano ulimpeleka mwanangu shule."

"Ndiyo, Bosi."

"Na yule mtu sasa hivi?"

"Sikumwona. Nilikusikia wewe."

Machozi yalimtoka Bosi, akayafuta kwa kile kitambaa alichofutia flashi. "Mimi napima mizani za watu," akasema. "Namfungia mtu duka kwa gramu hamsini. Na wewe nilikuwa sikupimi. Wewe nilikuwa nafumba macho na kukaa." Akafungua mkanda. "Teremka."

Santuri akateremka. Alidhani anaachwa pale barabarani, na aliona ni haki yake. Lakini Bosi alizunguka mbele ya gari kwa kushikilia boneti, akapita karibu naye bila kumtazama, akaingia mlango wa dereva. Akasogeza kiti. Akarekebisha kioo. Akavuta mkanda mara mbili.

"Unangoja nini? Panda."

Akapanda upande wa abiria. Miaka kumi na tisa, hajawahi kukaa kiti hicho, hakujua hata mikono huwekwa wapi. Bosi aliwasha gari, likashtuka likazima. Akawasha tena. Gia ikalia kwa uchungu, na Santuri akauma meno. Wakaondoka mwendo wa jeneza, jasho likimtiririka mama yule shavuni, macho yamemtoka. Wakavuka kilomita moja hivyo, gia namba mbili, malori yakiwapigia honi.

"Washa muziki," akasema kwa sauti nyembamba. "Nasikia matairi."

"Bosi, humo kuna na simu nyingine."

"Kuna nyingine ya kliniki?"

"Hakuna. Kuna ya shemeji na mbuzi."

"Basi washa."

Akawasha. Akaujua wimbo kwa noti mbili za kwanza, hakuhitaji kioo, akamtajia jina lake, naye hakucheka. Kesho ingekuwa barua ya kusimamishwa kazi, ofisini na nyumbani ingekuwa maswali, hayo Santuri aliyaona vizuri kabisa. Wakafika njia panda. Upande wa kushoto kulikuwa na barabara inayoingia, imefichwa na ukuta, na Bosi akapunguza mwendo, mikono imekakamaa kwenye usukani, asiweze kugeuza shingo.

"Kwako huko kuko salama?" akauliza. "Niende?"

Mazoea ya miaka kumi na tisa yalimfikishia jibu mdomoni. Akalimeza.

"Usiniulize mimi, Bosi," akasema. "Upande huu sina jicho. Simamisha gari uangalie mwenyewe."

Bosi akasimamisha. Akafungua mkanda, akainama mbele yake mpaka bega lake lile lililovunjika likamgusa kifuani, akaangalia kushoto, akaangalia tena. Pikipiki moja ikapita mbio. Akarudi kitini, akafunga mkanda, akauvuta mara mbili, akaingiza gia.